Kidole Kidogo cha Kushoto

Hebu chukua sentensi hii ya darasa la nne: "Wanafunzi wa shule walikwenda kutazama kazi za mafundi." Haina ufundi wowote, nakubali. Lakini ina herufi 47, na kati ya hizo 11 ni A na 4 ni Z. Mtu aliyesomea chapa, yule wa vidole kumi asiyetazama chini, A anaibonyeza kwa kidole kidogo cha kushoto. Z nayo ni ya kidole hicho hicho. Kwa hiyo katika herufi 47, herufi 15 zinakiangukia kidole kimoja, tena kile kinyonge kuliko vyote. Mwenzake wa kulia, mwenye P, katika sentensi nzima hakuitwa hata mara moja, ukiacha kile kitufe cha herufi kubwa pale mwanzo.

Mimi naishi kwa kuchapa. Nina meza moja katika duka la steshenari, Morogoro, si mbali na mahakama. Watu wananiletea mikataba ya kupangisha nyumba, katiba za vikundi vya kina mama, barua za kuomba kazi, na mara moja moja riwaya ya kijana fulani iliyoandikwa kwenye madaftari manne. Karibu zote ni za Kiswahili. Nalipwa kwa ukurasa. Hilo la kulipwa kwa ukurasa lishike vizuri, maana nitalirudia. Miaka miwili iliyopita kidole hicho kikaanza kuniwaka moto usiku. Dada tunayekaa naye meza jirani, mtu wa enzi za mashine za chuma, akanicheka kidogo: "Mdogo wangu, hicho ni kidole cha A. Sisi sote tuliopita uhazili kinatuuma." Basi nikataka kumjua huyo aliyeiweka A pale.

Anaitwa Christopher Latham Sholes, mhariri wa magazeti katika mji wa Milwaukee, Marekani. Yeye na wenzake Carlos Glidden na Samuel Soule walipata hataza ya mashine yao mwaka 1868. Vitufe vya mwanzo vilifanana na vya kinanda, na herufi zilifuata mpangilio wa alfabeti. Mpangilio ule ukavunjwa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, lakini haukuisha wote. Tazama safu ya kati ya kompyuta yako: D, F, G, H, J, K, L. Ni kama nyumba ya zamani iliyobomolewa ukaachwa ukuta mmoja.

Kwa nini ulivunjwa? Hadithi inayosimuliwa kila mahali ni kwamba ndani ya mashine kulikuwa na mikono ya chuma iliyobeba herufi, na mikono miwili iliyo jirani ikirushwa kwa kufuatana upesi inagongana na kukwama. Kwa hiyo Sholes akazitenganisha herufi zinazoandamana mara kwa mara. Wengine wanaongeza chumvi, eti alitaka kuwachelewesha wapiga chapa makusudi. Mimi hadithi hii siinunui yote. E na R zimekaa bega kwa bega, na Kiingereza kimejaa "er" tele. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Kyoto, Japani, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, walitoa hoja nyingine: kwamba mpangilio ule ulikuzwa na mahitaji ya makarani wa telegrafu, waliokuwa wakisikiliza milio ya Morse na kuichapa papo hapo. Hii inaniingia akilini zaidi. Lakini liwe hili au lile, hakuna mtu aliyekaa Milwaukee akaifikiria lugha ambayo wakati ule, huku Unguja na Mombasa, iliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mwaka 1873 Sholes na mfadhili wake James Densmore waliafikiana na kiwanda cha Remington cha Ilion, New York. Kiwanda cha bunduki, bwana! Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1865, bunduki haziuziki kama zamani, na mafundi wazuri wa chuma wapo. Mashine ikaingia sokoni mwaka 1874, nayo ilichapa herufi kubwa tu, yaani kila barua ilisomeka kama mtu anapiga kelele. Mwaka 1878 ikatoka Remington ya pili, yenye herufi kubwa na ndogo.

Hata hapo hakukuwa na vidole kumi. Watu walidonoa kama kuku. Kilichobadili mambo ni watu wachache waliojifunza kuchapa kwa kukariri, na siku moja iliyosemwa sana: tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City, alishindana na Louis Traub. Traub alitumia mashine ya Caligraph, yenye vitufe vya herufi kubwa mbali na vya herufi ndogo. McGurrin alitumia Remington, naye hakuwa akitazama vitufe. Alishinda. Magazeti yakaandika, na kila aliyefungua darasa la chapa baada ya hapo alikuwa na mfano wa kuonyesha. Nani alishinda, ni mtu au ni mashine? Kwangu mimi alishinda mtu aliyekariri. Angekariri hata mpangilio mwingine angeshinda. Ila sifa ziligawanywa kwa wote wawili.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1930 ilipoanza kazi kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, Kiswahili sanifu kilipewa maandishi ya Kilatini yasiyo na alama juu wala chini ya herufi. Hakuna nukta za ziada, hakuna mikia. Hata "ng'ombe" anatosheka na kile kialama kidogo ambacho mashine ya Mwingereza inacho tayari. Mashine ikashushwa bandarini, ikafunguliwa kreti, ikaanza kuchapa Kiswahili siku hiyo hiyo. Lilikuwa jambo jema, sikatai. Lakini kwa kuwa hatukuhitaji kuomba kitufe kipya hata kimoja, hatukupata pia sababu ya kuuliza vile vilivyopo vimekaaje. Q na X tumepewa bure, hatuna kazi nazo. Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura, waliorithi mpangilio wa Kifaransa, mambo yao ni ya kuchekesha zaidi: kwao kidole kidogo cha kushoto kimewekwa juu ya Q, herufi ambayo Kiswahili hakina kabisa, na kila A wanaipandia safu ya juu. Hebu fikiria mtu anachapa "wanawake wanapalilia" namna hiyo.

Waturuki walifanya tofauti. Walihamia herufi za Kilatini mwaka 1928, na mwaka 1955 mwalimu wa chapa, İhsan Sıtkı Yener, akawapatia mpangilio uliofuata lugha yao wenyewe. Ndani yake A imekaa chini ya kidole cha shahada cha kushoto, kidole chenye nguvu. Kila nikiutazama mpangilio ule naona kijicho. Sitaki kuficha mwisho wake, lakini: kompyuta zilipofika Uturuki zilifika na mpangilio wa Kimarekani, na Waturuki wengi leo wanautumia huo. Mwaka 2013 ilibidi serikali itoe waraka wa kuzirudisha ofisi zake kwenye ule wa kwao.

Mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye mabishano haya yote ni August Dvorak, profesa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Yeye na shemeji yake William Dealey walihesabu herufi za Kiingereza, wakazichunguza jozi zake, wakatazama vidole vinavyokwenda, na mwaka 1936 wakapewa hataza ya mpangilio mpya. Mawazo yake ni mepesi kueleza. Irabu zote tano ziko safu ya kati, mkono wa kushoto: A, O, E, U, I. Konsonanti zinazotumika sana ziko safu hiyo hiyo, mkono wa kulia: D, H, T, N, S. Hivyo mikono inapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kwa Kiingereza, karibu asilimia 70 ya herufi zinapigwa bila kuondoka safu ya kati. Katika mpangilio wa Sholes ni kama asilimia 32 tu.

Halafu likaja swali la fedha. Mwaka 1944 Jeshi la Majini la Marekani liliwafundisha upya wapiga chapa 14, na ripoti yake ikasema faida ni kubwa, gharama inarudi kwa siku chache. Ripoti hiyo ndiyo iliyobebwa na watetezi wa Dvorak kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba Dvorak mwenyewe wakati ule alikuwa ofisa wa jeshi hilo hilo, mtaalamu wake wa mambo hayo hayo, na namna ya kuyapima makundi mawili haikuwa moja. Mwaka 1956 Earle Strong akafanya jaribio lake kwa idara ya serikali inayosimamia manunuzi na majengo. Wapiga chapa 10 wakahamishiwa Dvorak. Iliwachukua zaidi ya siku 25, saa nne kila siku, kuifikia tu ile kasi yao ya zamani. Kisha wakaendelea na mazoezi sambamba na wenzao 10 waliobaki na mpangilio wa kawaida, na hao waliobaki wakawashinda. Watetezi wa Dvorak wakamshutumu Strong kwa upendeleo. Serikali ikafunga jalada.

Wanauchumi wakaliokota suala hili baadaye. Mwaka 1985 Paul David wa Stanford aliandika kwamba huu ni mfano wa jambo duni linaloshinda kwa sababu tu lilitangulia: waajiri wananunua mashine ambayo watu wameisomea, watu wanasomea mashine ambayo waajiri wananunua, na hakuna anayeweza kutoka peke yake. Mwaka 1990 Stan Liebowitz na Stephen Margolis wakamjibu kwamba hayo ni ngano. Ubora wa Dvorak haukuthibitishwa, basi soko halikukosea. Nimesoma pande zote mbili usiku, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa. Liebowitz na Margolis wako sawa kuhusu ripoti ya 1944, ni dhaifu. Lakini mabishano yote yamegeuka kuwa ya kasi, maneno mangapi kwa dakika, kana kwamba mpiga chapa ni farasi wa mashindano. Dvorak alijali uchovu wa mikono. Hilo limedondoka njiani.

Na zile siku 25 za Strong, zizidishe kwa saa nne. Ni saa 100 na ushee. Wale watu 10 walikuwa waajiriwa. Saa zao zililipiwa na serikali. Mimi nalipwa kwa ukurasa. Saa 100 za kuchapa kama mtoto wa chekechea ni kodi ya chumba. Hapa ndipo Paul David anaponigusa: kwake mlango umefungwa kwa sababu kila mtu anamsubiri mwenzake, lakini huku mtaani mlango umefungwa kwa sababu anayetaka kutoka ndiye anayelipia kufuli.

Nililipia. Dvorak imo ndani ya Windows tangu ile ya 1995, huhitaji kununua kitu; nikachora herufi kwenye karatasi, nikaibandika ukutani mbele ya meza, nikaanza. Nilitoka maneno 52 kwa dakika nikaangukia 6. Sita! Dada wa meza jirani alizichukua kazi zangu za haraka, tukawa tunagawana, na kodi ya miezi miwili nilimkopa mjomba. Wiki ya tatu nilifika 25. Wiki ya saba nilizirudia 52 zangu. Kompyuta ni ya duka, si yangu, kwa hiyo nilikuwa nahama mpangilio kwa vitufe viwili kila nilipokaa na kurudisha nilipoinuka. Siku moja nilisahau kurudisha. Kijana mmoja akakaa, akaandika "habari", kompyuta ikamjibu "daxapc", akaenda kumwambia mwenye duka kwamba mashine imeingiwa na virusi.

Ajabu ni kwamba A haikuhama. Ukilinganisha mpangilio wa Sholes na wa Dvorak, herufi mbili tu ndizo zilizobaki pale pale: A na M. Nililijua hilo kabla sijaanza, na watu wengi wameniuliza, sasa unahama kwenda wapi? Jibu liko kwenye Z na W. Chapa "wazazi" kwa mpangilio wa kawaida: W ni kidole cha pete cha kushoto, halafu A, Z, A, Z, zote nne kidole kidogo kile kile, kinapanda na kushuka, ndipo I inakuja kuokoa kutoka mkono wa kulia. Kwa Dvorak, W na Z ziko kulia. Wa, kushoto kunaitikia. Za, kushoto kunaitikia. Ile sentensi ya wanafunzi na mafundi inakipa kidole kidogo cha kushoto herufi 11 badala ya 15, na cha kulia kinapata 7, kwa S, L na Z. Na Kiswahili, kwa silabi zake zilizo wazi, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kinapokezana mikono kuliko hata Kiingereza ambacho mpangilio ulitengenezewa. "Tunatazamana." "Wanasema hatutaona." Vidole vinacheza vyenyewe.

Mpaka ufike kwenye K.

Dvorak aliiweka K safu ya chini, mkono wa kushoto, kidole cha shahada. Kwa Kiingereza si neno, K haitumiki sana. Kwetu ni "ku" ya kila kitenzi, "ki" ya Kiswahili chenyewe. Na U iko kidole gani? Shahada ya kushoto. I? Shahada ya kushoto. P? Hiyo hiyo, safu ya juu. Chapa "kupika": herufi tano za mwanzo zote kidole kimoja. Halafu akaja mama mmoja na barua ya kuomba kazi ya upishi, na humo ndani, katika mstari wa tatu, alikuwa ameandika "nitafurahi kukupikia". Kukupikia! Herufi tisa, na nane kati yake ni za kidole cha shahada cha kushoto, kinaruka juu, katikati, chini, katikati, kama panzi kwenye kikaango. Profesa wa Seattle alihesabu vizuri, ila alihesabu lugha yake.

Basi nikafanya nilichoona Yener amekifanya, kwa kiwango cha steshenari. Microsoft wana programu ya bure ya kutengenezea mpangilio wako. Nikahesabu kurasa za mikataba na barua zilizokuwa kwenye meza yangu, herufi kwa herufi, nikiifanyia kompyuta kazi hiyo usiku mmoja. C kwa Kiswahili sanifu haina maisha yake, inamsindikiza H tu. Lakini kwa Dvorak imekaa mahali pazuri, kulia, kidole cha kati. Nikazibadilisha: K ikaenda kwa C, C ikaja kwa K. Sasa "ku" na "ki" ni mkono kwa mkono, na "cha" ni kushoto, kulia, kushoto, haina shida. Kuizoea K mpya kulinichukua siku tisa, nazo sikukopa.

Kidole kimepoa. Sitaki kudai ni mpangilio uliokiponya. Huenda ni zile wiki saba za kuchapa polepole, huenda ni kiti nilichobadilisha. Kasi yangu leo ni maneno 57, si muujiza. Dada wa meza jirani hajahama wala hataki kusikia. "Mimi nimebakiza miaka minne nipumzike," anasema, "vidole vyangu vimeshaozeshwa." Lakini binti yake wa kidato cha tatu ameomba lile karatasi langu la ukutani, nami nimempa lenye K mpya.

Iliyonishinda mpaka sasa ni P. "Pi" na "pu" bado ni kidole kimoja. Nilijaribu kuibadilisha na V, lakini hapo "vi" ndiyo ikaumia, na "vyuo" ikawa kukupikia nyingine. Nilijaribu F, "fu" na "fi" si haba, na kulikuwa na katiba ya kikundi cha wafugaji iliyonifukuza huko haraka sana. L haiguswi, ina "li" na "lu" na nusu ya vitenzi vya kutendea. Imebaki G. Nimeipa mpaka mwisho wa mwezi huu.